Kanzu Ndogo ya Samweli

Zamani za Waamuzi, katika nchi ya Israeli, alikuwako mwanamke jina lake Ana, mke wa Elkana, mtu wa milima ya Efraimu. Ana hakuwa na mtoto. Mke mwenzake Penina alikuwa na watoto, naye akamchokoza na kumtia uchungu mwaka kwa mwaka, hata Ana akawa halii tu bali hali pia chakula. Siku moja walipokwenda Shilo, palipokuwa na nyumba ya Mungu, Ana akasali kwa machozi, midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli akamdhani amelewa. Akaweka nadhiri kwamba akipewa mtoto mwanamume atamtoa kwa Bwana siku zote za maisha yake. Mungu akamsikiliza. Akamzaa Samweli, akamnyonyesha, na alipokwisha kumwachisha ziwa akampeleka Shilo pamoja na ng'ombe dume, na unga, na divai, akamwacha mikononi mwa Eli apate kuhudumu na kufundishwa.

Wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo. Wanasifu sadaka ya Ana, nayo yastahili sifa. Lakini Maandiko Matakatifu hayaishii hapo. Yanaongeza neno dogo, ambalo msomaji mwenye haraka hulipita bila kuliona: kila mwaka mama yake alimshonea kanzu ndogo, akampelekea alipopanda pamoja na mumewe kutoa sadaka ya mwaka.

Neno hilo dogo ni kubwa kwa mzazi aliyempeleka mtoto wake katika shule ya bweni. Atazame vizuri. Ana alikuwa amekwisha kumtoa mwanawe kwa Mungu, angaliweza kusema, «Yu katika nyumba takatifu, kuhani yupo, kazi yangu imekwisha.» Hakusema hivyo. Tena Mungu alimjalia baadaye watoto wengine watano, wavulana watatu na wasichana wawili, na bila shaka nyumba ilijaa kelele na kazi. Lakini kanzu ya Samweli haikusahauliwa kwa sababu ya hao waliokuwa magotini pake. Na tena, alipimaje? Mtoto hakuwapo nyumbani asimamishwe na kupimwa mabega. Ilimpasa mama kukumbuka alivyokuwa mwaka uliopita, kisha kuwaza moyoni: sasa amefika wapi, mikono imerefuka kiasi gani. Anayeshona kwa namna hiyo amemwaza mtoto siku nyingi kabla ya kufunga safari. Na yule asiyemwona mtoto wake mwaka mzima atamshonea kanzu ya mtoto aliyekwisha kupita.

Katika nchi ya Tanganyika, upande wa Kongo, jambo hili si geni. Vijiji vingi vina shule ya msingi tu, na pengine nayo ina madarasa machache. Mtoto akifaulu, hana budi kuondoka: huenda Kalemie, au Moba, au penginepo kwenye shule ya mapadri, ya mabruda au ya masista, akalala bwenini miezi yote ya masomo. Serikali ilitangaza mwaka 2019 kwamba shule ya msingi ya umma haina malipo, lakini sekondari na bweni bado huwaelemea wazazi. Basi baba huuza mihogo, mama huuza mawese na ndakala, karo inapatikana kwa shida, mtoto anakwenda. Hapo wazazi hukaa chini wakashusha pumzi, wakidhani kazi imekwisha.

Desturi hiyo ilianza mapema sana katika pwani hii. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, ambacho kapteni Storms alikuwa amekijenga tangu mwaka 1883, nao wakakusanya watoto pale. Wengi katika watoto wale wa kwanza walikuwa wamekombolewa kutoka utumwani. Kwao hapakuwa na siku ya kutembelewa. Nani angalikuja? Vijiji vyao vilikuwa vimechomwa, na mama zao walikuwa wamekufa au wameuzwa njia nyingine. Ng'ambo ya ziwa, huko Karema inayoelekeana na Mpala, alifanya kazi Adriani Atiman, katekista na mganga, hata alipofariki mwaka 1956. Yeye naye aliibwa akiwa mtoto katika nchi ya mbali sana, upande wa mto Niger, akavushwa jangwa, akanunuliwa na mapadri, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Miaka yote ya masomo hakuwa na mzazi wa kubisha mlango wa shule. Mungu alimtunza kwa mikono ya wengine, akawatibu watu wasiohesabika. Lakini mtu asichukue mfano huo kwa kujidanganya, akisema, «Kumbe mtoto hukua hata bila kutembelewa.» Atiman aliporwa kwa nguvu. Je, baba aliye hai, mwenye miguu mizima, amfanye mwanawe kuwa kama mtoto aliyeporwa?

Tena katika shule hizo hizo za Mpala, kisha Lusaka ya Marungu na Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, alisoma Stefano Kaoze, aliyepadirishwa tarehe 21 Julai 1917, padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi. Masomo yake yalichukua miaka mingi kupita subira ya wazee wengi. Watu wa Marungu walijifunza kwa njia hiyo kwamba mtoto aliye mbali kwa ajili ya kitabu hajapotea. Lakini kutopotea kwake kwataka kazi ya pande mbili, ya walimu na ya wazazi.

Mkatekumeni wa kijijini anaweza kuelewa jambo hili kuliko wengine, kwa sababu ya padri. Kijijini kwake hakuna padri akaaye. Padri hufika safari chache katika mwaka. Siku yake ikitangazwa, watu hufyeka njia, hufagia kanisa, mama huweka kando kuku na mayai, watoto hupanda kichuguu wasikilize mlio wa pikipiki. Ikiwa daraja limevunjika au padri ameugua, jioni huingia, watu hurudi nyumbani polepole, na siku ile hata wimbo hauimbwi kwa nguvu. Hakuna aliyekosa chakula, hakuna aliyepigwa. Ila walingoja, na aliyengojwa hakufika. Basi hivyo ndivyo alivyo mtoto wa bweni siku ya kutembelewa, akikaa ukutani na shati alilolifua jana, akitazama lango.

Siku hiyo hupangwa na wakuu wa shule, na kwa kawaida huwa Dominika, baada ya Misa. Wazazi wa mjini hufika mapema. Wengine hutoka mbali: kutoka upande wa Nyunzu na Kabalo, kwa reli iliyofika Kalemie mwaka 1915 na ambayo siku hizi haina ahadi ya saa, au kwa baiskeli, au nyuma ya lori juu ya magunia. Wengine hutoka vijiji vya ziwani kwa mtumbwi na boti. Nao wanajua kwamba katika kiangazi upepo wa kusini hukasirisha ziwa, na msafiri mwenye akili hutoka siku mbili kabla, wala hashindani na mawimbi kwa sababu amechelewa. Mungu haombi mzazi azame. Anayezuiwa kweli na ziwa, au ugonjwa, au hatari ya njia, atume barua kwa mkono wa jirani, na barua hiyo itahesabiwa kuwa miguu.

Lakini wengi hawazuiwi na ziwa. Wanazuiwa na neno jingine, nalo ni haya. Haya ya umaskini ni kizuizi kikubwa kuliko mawimbi, na mafundisho hayaisemi vya kutosha.

Uchukuliwe mfano wa mtu mmoja, mvuvi wa kijiji cha pwani, mkatekumeni wa mwaka wa pili. Mwanawe wa kwanza yuko bwenini Kalemie. Siku ya kutembelewa inapokaribia, mkewe ana mtoto mchanga hawezi kusafiri. Anafunga ndakala wakavu katika majani, na karanga za kukaanga, na kopo la mawese, akamwambia mumewe, «Baba Fulani, nenda ukamtazame. Unipe habari kama amekonda.» Mvuvi anakwenda. Anafika langoni miguu ina matope, shati ina kiraka begani. Ndani ya uwanja anaona motokari mbili, mabibi waliovaa vitenge vipya, kuku wa kukaanga juu ya sahani, chupa za soda. Anasimama nyuma ya mwembe, na furushi lake linanuka samaki.

Mwanawe anamwona. Naye yuko pamoja na rafiki zake, na baba za rafiki zake wamevaa viatu vinavyong'aa. Mtoto anageuza uso. Mmoja anamwuliza, «Yule mzee ni nani, anakutazama?» Anajibu, «Ni mtu wa kijiji chetu, ameleta salamu.»

Mkatekumeni aliyesikia habari ya mateso ya Bwana anafahamu neno hilo limesemwa wapi kwanza. Petro naye alikuwa akiota moto uani, akaulizwa, akasema hamjui mtu yule. Hakuchukia, aliona haya na hofu. Na Bwana akageuka, akamtazama.

Mvuvi hakusikia neno la mwanawe, lakini aliona mgongo wake. Akamwachia mlinzi wa lango furushi, akarudi mtumbwini. Nyumbani mkewe akauliza, «Amekonda?» Naye akajibu, «Hajakonda,» akaenda kutazama nyavu zake, ingawa usiku ule hapakuwa na haja.

Hapa kuna makosa mawili, wala si moja. La mtoto ni wazi: amevunja amri ya nne, ile ya kuwaheshimu baba na mama, na amri hiyo haina neno lisemalo kwamba ni kwa wazazi wenye viatu tu. Lakini baba naye alikosa, ingawa moyo unamhurumia: alijihukumu mwenyewe nyuma ya mwembe kabla ya kuhukumiwa na mtu. Yese wa Betlehemu alipomtuma Daudi kuwatazama kaka zake vitani, alimpa nini awapelekee? Bisi za nafaka na mikate kumi, na jibini kwa jemadari wao. Kaka mkubwa Eliabu alipomwona akamkaripia, akamwuliza wale kondoo wachache amemwachia nani nyikani. Daudi hakurudi nyuma kwa sababu ya karipio lile. Alikuwa ametumwa na baba yake kutazama hali zao, naye akabaki. Na Israeli wote walifaidika siku ile kwamba hakurudi. Chakula cha maskini kikipelekwa kwa uso mkunjufu hakina aibu. Tena mtoto aliyezoea kuona baba yake akijificha atajifunza kumficha.

Mambo hayakuishia usiku ule. Mtoto alifungua furushi bwenini, akaona jinsi mama yake alivyofunga majani kwa kamba ya mgomba, mafundo mawili, kama alivyomfungia chakula alipokuwa akienda shule ya kijiji. Hakuweza kula. Jumamosi akaenda kuungama. Kisha akaandika barua. Baba hajui kusoma sana, kwa hiyo akampelekea katekista; na katekista, mtu mwenye busara, hakuisoma mbele ya watu, bali alimwita kando, chini ya paa la kanisa, akamsomea polepole. Mvuvi akasema, «Rudia pale.» Katekista akarudia. Akasema tena, «Rudia.»

Mengine yahusuyo siku hiyo ni ya kuangalia kwa macho. Mzazi akifika asimalize saa zote kwa kulisha. Amtazame mtoto: je, anakohoa, je, ana chandarua, je, analala juu ya nini. Mji wa Kalemie umeona kipindupindu mara nyingi, na maji ya kunywa ni jambo la kuuliza bila kuona haya. Atembee naye kando, mbali kidogo na wenzake na walimu, amwulize kwa upole kama kuna mtu anayemtesa. Na hasa kwa msichana, mama asikubali jibu la haraka. Mtoto mwenye jambo zito hulisema mwishoni, wakati mzazi amekwisha kusimama kuaga. Kwa hiyo mzazi asiage upesi. Akisikia ubaya, aende kwa mkuu wa shule kwa adabu na bila woga, na asipopata jibu aende kwa paroko. Kisha amwone mwalimu, aulize habari za masomo. Asiyejua kusoma anaweza kumwambia mtoto, «Nisomee,» na kwa kusikia tu atajua kama ulimi unakwama.

Kwa upande mwingine, wako wanaotembelea kwa madhara. Mmoja anakuja na deni la ukoo, anammwagia mtoto ugomvi wote wa nyumbani, kisha anakwenda zake, naye mtoto anabaki na mzigo usio wa mabega yake. Mwingine anampa fedha nyingi. Mwingine anakuja kumwambia binti kwamba mtu fulani ameleta mali ya posa, kana kwamba shule ni mahali pa kungojea tu. Na wako wanaomtembelea mvulana, huku dada yake aliye kwa masista, barabara ile ile, hapati hata salamu. Yakobo alimpa Yozefu peke yake kanzu nzuri, na kanzu ile ikaleta wivu, shimo na utumwa. Kanzu ya Ana ilikuwa ya namna nyingine: ndogo, ya kazi, ya kila mwaka.

Hata kukaa nyumba moja si kutembelea. Eli kuhani aliishi pamoja na wanawe Hofni na Finehasi mahali pale pale Shilo, akawaona kila siku, akasikia mabaya yao, akawaonya kwa maneno tu bila kuwazuia. Ana alimwona wake mara moja kwa mwaka. Matokeo yameandikwa. Basi mzazi wa mjini ambaye mtoto wake analala nyumbani asicheke wale wa bweni.

Na sasa yako mambo ya wale wasio na mtu. Mwaka 2016 na 2017, vita vya Watwa na Waluba vilipoharibu vijiji vya Nyunzu na vya njia za Kalemie, maelfu ya watu walikimbilia kando ya mji wakalala chini ya matawi na mahema. Katika ukimbizi watoto hupoteza wazazi. Na kabla ya hapo vita vya tangu mwaka 1996 vilikuwa vimewapoteza wengine. Kwa hiyo katika uwanja wa shule, siku ya furaha, daima wako wawili watatu wanaojifanya wana kazi: huyu anafagia darasa ambalo limekwisha kufagiwa, huyu amelala akisema kichwa kinamwuma.

Mama mkristu akitandika mkeka wake asihesabu watoto kwa tumbo lake. Amtume mwanawe, «Nenda kamwite yule rafiki yako.» Asiulize kwanza kama ni Mtwa au Mluba, Mtabwa au Mbembe, akiuliza, aulize jina tu, na kama ameshiba. Bwana Yesu alisema atawahukumu watu kwa jambo hilo hilo, kwamba walimtembelea au hawakumtembelea. Na alipokuwa msalabani, hali damu inatoka, alimpa Bikira Maria mtoto asiye wake wa kuzaa, akampa Yoane mama. Mama aliyewahi kukimbia anaweza kuona ugumu kumpakulia mtoto wa kabila lililochoma nyumba yake. Ugumu huo Mungu anaujua. Kijiko cha kwanza kitakuwa kizito. Na ampakulie hata hivyo, hata ikiwa mkono unatetemeka. Wakatekumeni waishio karibu na shule, ambao hawana mtoto pale, nao wanaweza kumwomba paroko au mkuu wa bweni awaonyeshe mmoja asiyetembelewa. Wasiende kwa siri, kwa maana shule yenye hekima haimwachii mtoto kila mgeni.

Mvuvi yule alirudi Kalemie siku nyingine ya kutembelewa. Hakununua viatu, nyavu zilihitaji uzi mpya. Mkewe alifunga furushi kama kwanza, mafundo mawili. Safari hii hakusimama nyuma ya mwembe. Alisimama langoni katikati, na moyo wake ulikuwa ukigonga. Mwanawe alikuwa na wale wale rafiki. Akawaacha, akaja mbio, akapiga goti kidogo kama desturi ya kwao.

«Jambo, baba.»

«Jambo, mwanangu. Hujambo?»

«Sijambo, baba. Nipe mzigo.»

Akaweka furushi la samaki kichwani pake, akapita uwanja mzima, si kando ya ukuta bali katikati, baba akimfuata. Mbele ya rafiki zake akasimama. «Huyu ndiye baba yangu,» akasema. Rafiki mmoja akanusa, akauliza kama ndakala ni wa kuuza. Baba akacheka, akafungua majani, wakala wote pamoja na mvulana mmoja wa Nyunzu ambaye alikuwa akifagia darasa.

Walipokwisha kula, mvuvi alimsimamisha mwanawe wima chini ya mwembe. Akachukua tete alilolikata njiani, akalisimamisha kando ya mtoto toka kisigino hata utosi, akalikata kwa kisu sawasawa na kimo chake. Kisha akalipima na mabega, akatia alama. Mtoto akauliza ni la nini.

«La mama yako,» akajibu, akalibeba mkononi hata mtumbwini, akililinda lisilowe.